Kaka, Uliuona Moto wa Vyungu?

Mpendwa kaka yangu Barnaba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini wewe na mimi tunajua ni nani atanisema nikianza maneno bila salamu. Bi Somoe amekaa hapa nje ya banda anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, na kila mara ananiuliza nimefika wapi. Nikimwambia ndiyo kwanza naanza, anaguna.

Barua hii si wazo langu peke yangu. Wanawake wa darasa langu la ufinyanzi ndio walionituma. Kesho asubuhi tunachoma vyungu, na kuna ubishi uliotushinda. Mtu pekee anayeweza kuukata ni wewe, nawe umelala kando ya mikorosho yako tangu masika yaliyopita. Bi Somoe amesema atakuja kaburini kwako na unga, akuulize kwa mila. Mimi niliyelelewa misheni kule Masasi nimeona nije na karatasi. "Njooni na vyote viwili," akasema Mama Issa, "asiposikia hiki atasikia kile." Basi kesho, kabla hatujawasha moto, nitasimama pale nikusomee kwa sauti na wote wakisikia. Usinicheke nikikwama. Wewe shule uliikimbia ukafuata tezo la kuchongea, kwa hiyo huna la kusema.

Swali lenyewe ni fupi. Siku ile ya moto, uliona au hukuona?

Usijibu bado. Nataka tukumbushane kwanza, maana wenzangu wengine walikuja darasani baada yako na hawajui mambo yalivyoanza.

Yalianza kwa gari kuchemka. Yule Bibi wa Maendeleo, Mzungu mwenye kofia kubwa, alisimama hapa kuomba maji ya kupoza injini yake, akauona mtungi wangu mlangoni. Akaugonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Akauliza umefinyangwa na nani. Nilipomwambia ni mimi, akasema siku hizi watu wazima wanafundishwa kusoma, kwa nini wasifundishwe na kazi hii pia, wauze vyungu wapate chochote. Nikamwitikia tu, lakini moyoni nilisema huyu mama hajui anachoomba. Mfinyanzi hafundishi ovyo. Anamfundisha binti yake au binti wa dada yake, basi. Tena udongo wenyewe uko bondeni, chini kabisa ya mteremko, huku juu kwetu ni mchanga mwekundu usioshikana. Na maji je? Mwanamke wa huku anashuka alfajiri, anapanda na mtungi kichwani jua likimwangalia, anafika nyumbani shingo imeingia mabegani. Maji hayo ayamwage kwenye matope?

Nikaja kukuuliza wewe, maana wewe ndiye mjomba wa wanangu na neno lako ndilo la mwisho. Ulikuwa umekaa na gogo la mpingo katikati ya miguu, unachonga. Hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Waje na maji yao."

Ndivyo ada ya darasa langu ilivyokuwa maji. Kila mwanafunzi na kibuyu chake, asiye na kibuyu hakai. Mama Issa ndiye aliyekuwa wa kwanza, yule Myao aliyeolewa huku kutoka upande wa Nanganga, mdomo wake haujawahi kupumzika. Wengine wakafuata. Bi Somoe alikuja wa mwisho, na hakuja kujifunza. Mama yake alikuwa mfinyanzi kule Mnyambe, yeye mwenyewe mkono ulimkataa, lakini miiko yote anayo kichwani. Alisema amekuja kuangalia nisije nikamwaga mila pamoja na maji. Alikuwa mwanafunzi wangu na mkaguzi wangu, na mpaka leo ni hivyo hivyo.

Halafu asubuhi moja ukaja wewe, na kibuyu.

Banda zima likageukia mlangoni, hata Mama Issa akaacha hadithi yake. Nikakuuliza, "Kaka, umemletea nani maji hayo?"

"Nimejiletea mwenyewe."

"Ya nini?"

"Si ndiyo ada? Nimechoka na mpingo, nataka kujua udongo."

Ukaingia, ukapapasa pa kukaa, ukakaa. Mwanamume wa Kimakonde anachonga, mwanamke anafinyanga, hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Na wewe hukuwa mchongaji wa kubahatisha. Wanunuzi walikuwa wakikufuata kutoka Lindi, wanakaa barazani kwako wakingoja kinyago kimalizike. Mtu wa namna hiyo anachokaje na mpingo? Niliwaza kila kitu. Niliwaza umegombana na wanunuzi. Niliwaza umerogwa. Mama Issa yeye hakuwaza mbali, alisema kwa kuwa wewe ni mgane basi umekuja kuchagua mke, tena mke mwenye kazi mkononi. Ukamjibu bila kugeuka, "Nikitafuta mke sitamtafuta kwenye matope." Wakacheka, na kuanzia hapo ukawa wao.

Bi Somoe hakucheka. Alikuwa na yake moyoni. Wiki chache kabla ya hapo mlikutana njiani uso kwa uso, yeye na kuni zake, na wewe ukampita kimya. Hukumwamkia. Mama mzima, umri wa mama yetu, ukampita kama mti. Aliniambia mimi dada yako ili nione aibu: "Huyo ndugu yako amechonga vinyago mpaka na yeye amekuwa kinyago." Nikakutetea, nikasema labda alikuwa na mawazo. Akasema mawazo hayafungi mdomo.

Sasa hivi nikirudi nyuma nayaona yote, na najiuliza nilikuwa naangalia wapi. Ulikuwa umeacha kusalimia kwanza. Ulingoja mtu aseme, ndipo uitikie kwa jina lake. Nikikuambia uchukue gunzi la kulainishia, uliacha mkono wazi hewani mpaka nikuwekee, nami nikawa nanung'unika kwamba kaka amekuwa bwana mkubwa wa kupelekewa vitu. Udongo ulikuwa ukiunusa kabla ya kuushika. Mimi mwalimu nilifurahia hilo, nikawaambia wengine, mnaona, mwenzenu anatumia na pua.

Lakini kosa lako la kwanza, kaka, hilo hakuna aliyelisahau. Wote nilikuwa nimewaonyesha: unakanda, unatandika kitako, unasokota udongo mrefu kama nyoka, unauzungusha juu ya kitako, unaongeza mwingine juu yake, unaminya kwa vidole mpaka ukuta unapanda. Wote wakafanya hivyo. Wewe ulichukua bonge zima, ukalipiga likawa gumu na la mviringo, ukalifunika kwa jani likae. Siku ya pili ukaja na kisu chako. Mimi nilikuwa nimeinama kwa Mama Issa, ukuta wake ulikuwa umelala upande. Nageuka, nakuona unachimba.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nakitoa."

"Unatoa nini?"

"Chungu. Si kimo humu?"

Mama Issa alijitupa chini kwa kicheko, udongo wake ukaporomoka jumla. Wewe hukuwa unatania. Ulinieleza kwa upole kabisa, kama mimi ndiye mwanafunzi, kwamba mpingo unakuja na kitu chake ndani, sura ya mzee au mwanamke na mzigo, na kazi ya mchongaji ni kuondoa kisichohusika. Nikakuambia udongo hauna kitu ndani. Chungu hakimo. Unakijenga kutoka chini, kidogo kidogo, na usipokiongeza hakiongezeki.

"Kwa hiyo naanza bila kitu," ukasema.

"Ndiyo."

Ukakiweka kisu chini. Halafu ukasema taratibu, "Hilo linatisha." Sikuelewa lilikutisha nini, mtu aliyezoea kushika tezo kali usiku na mchana. Nilikuwa nataka sana kujua, lakini Mama Issa alikuwa ananiita.

Ulijifunza kuongeza. Ilikuchukua muda, ila ulipojua, vidole vyako vilinitia wivu. Midomo ya vyungu vyako ilikuwa sawa kuliko yangu. Ni kitako tu kilichokushinda. Ulikuwa unakiacha kinene, kinene mno, kwa hofu ya mchongaji ya kutoboa upande wa pili. Nilikwambia mpaka nikachoka: kitako kinene kinaficha maji, kikifika motoni kinapasuka. Ukaniambia ndiyo mwalimu, na kesho yake kitako kile kile.

Sasa nifike kwenye moto.

Mwiko unaujua tangu utoto. Mwanamume haangalii moto wa vyungu. Akiangalia, vinapasuka, na havichagui cha nani. Mama alikuwa akikufukuza na wewe ukilia unataka kubaki na mimi. Siku ya kuchoma tunakata tawi bichi la mkorosho tunalilaza njiani, na mwanamume akilikuta anageuza. Hata Bwana Shauri wa wilaya angekuja na askari wake wote tungemgeuza.

Mara ya kwanza tulipochoma ulikubali kuondoka, lakini shingo upande. Jioni ulipokuja kuchukua chungu chako ulikuwa umenuna. "Nimekanda, nimefinyanga, nimeanika, halafu mnanifukuza," ukasema. "Nani anasonga ugali halafu anafukuzwa jikoni usiive mbele yake?"

"Ndiyo mwiko, kaka."

"Mfinyanzi asiyejua moto si mfinyanzi. Nikiwa peke yangu nyumbani nani atanichomea?"

Nikakucheka. Nikakuambia wewe kazi yako unayo, huku umekuja kupoteza muda, mfinyanzi hulia gaeni na hata hilo gae hujalipata. Uligusa ule mdomo wa chungu chako ukauzungusha kwa kidole gumba, ukazunguka na kuzunguka, kisha ukaaga.

Moto wa pili ndio wenyewe. Tulikuwa na vyungu vingi, na katikati yao mtungi mkubwa ambao Bi Somoe alinifinyangisha kwa ajili ya mjukuu wake aliyekuwa anatoka unyagoni. Alikuwa ameuhesabu mtungi ule kama mtoto. Tawi liko njiani. Tumepanga magome, tumepanga vyungu, tumefunika nyasi, mimi nina kijinga cha moto mkononi. Tunakuona unakuja.

Mama Issa alikuita, "Baba, njia imefungwa." Hukusimama. Ulifika kwenye tawi, ukavuka, ukaja moja kwa moja mpaka karibu na magome. Wanawake waliinuka wote. Bi Somoe alikuja akasimama mbele yako, ndonya yake ya mdomoni inatetemeka kwa hasira, na sauti aliyoitumia sikuwahi kuisikia tena. "Barnaba, unataka kuniulia mtungi wa mtoto? Hukuniamkia njiani nikanyamaza. Leo unaliruka hata tawi?"

Ukauliza, "Nani anayesema?"

"Hunijui?"

"Nimejua sauti. Sijui umesimama wapi."

Ndipo ukasema yale maneno, nami nayaandika kama nilivyoyasikia, maana kuna waliokuwa hawajazaliwa katika darasa letu. "Mwiko unasema mwanamume asiangalie moto. Mimi siangalii, mama. Siwezi. Tezo nimeliacha kwa sababu lilianza kunikata. Hapa nilipo nasikia mmesimama, ila sura zenu zimekuwa ukungu. Naomba nisimame tu, nisikie moto unavyokwenda."

Kijinga kilinichoma vidole nikakiangusha. Bi Somoe alikusogelea mpaka pua zenu zikakaribiana. Akapeleka mkono mbele ya macho yako, akaurudisha.

"Kwa hiyo siku ile njiani hukuniona," akasema.

"Sikukuona, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Halafu akatugeukia sisi kwa ukali, kama sisi ndio tuliokuwa na makosa. "Mwiko umesema asiangalie. Haukusema asisimame. Msogezeni pembeni, asije akaungua."

Basi ulisimama. Tulichoma. Ulikuwa umeinamisha kichwa upande, unasikiliza, na mara moja ukasema, "Upande huu umezidi," nasi tukautuliza. Nyasi zilipokwisha na magome kuwa makaa tukasikia pa, mlio mmoja mkavu. Bi Somoe alifumba macho. Wewe ukasema, "Ni changu hicho. Kitako." Tulipofukua, kweli kilikuwa chako, kimegawanyika vizuri kama nazi. Vingine vyote vizima. Mtungi wa mjukuu ulikuwa mwekundu, hauna hata ufa wa unywele, na Bi Somoe aliugonga akausikiliza, akaugonga tena.

Niseme lililo moyoni, kwa kuwa kesho nitalisema mbele ya watu. Siku ile nilikasirika na wewe kuliko siku yoyote. Mimi ndugu yako wa tumbo moja, nikajua pamoja na Mama Issa. Wakati wa kurudi ulishika pindo la kanga yangu nami nikatembea haraka makusudi, ukajikwaa, nikaona vibaya, nikapunguza mwendo. Nikakuuliza kwa nini hukuniambia. Ukasema, "Ungenihurumia, usingenifundisha." Nikasema ningekufundisha kwa huruma. Ukasema, "Ndiyo hiyo niliyoikimbia." Nililia, na nilijua unasikia.

Ubishi ulianza siku iliyofuata, nawe uliufurahia kupita kiasi. Mama Issa alisema wewe ulichungulia: macho yamebaki kidogo, umeangalia kidogo, kimepasuka kimoja. Bi Somoe akasema mwiko haujui kidogo, ungeona vingeondoka vyote, kwa hiyo hukuona. Na mimi nikasema nilichokiona, sikukificha. Ulipofika kwenye tawi, ulinyanyua mguu. Hukulikanyaga, hukujikwaa. Ulinyanyua mguu kama mtu anayeona tawi, ukaliruka, ukaendelea. Na tawi hatulilazi mahali pamoja kila siku.

Wakasema labda ulisikia harufu ya majani mabichi, una pua. Wakasema labda Mama Issa alipokuita njia imefungwa ulikisia. Wakasema labda ukungu ulikuwa bado mwepesi kwa vitu vya chini. Kila moja lina akili yake. Wewe mwenye mguu ulikuwa umekaa pale unakanda udongo, unatabasamu. Nimekuuliza mara ngapi, kaka? Nilikuuliza tukishuka kufuata udongo. Nilikuuliza ulipoanza kufinyanga nyumbani kwako, nami nakuja kukusaidia kuwasha, na wanawake wananunua vyungu vyako kwa sababu ya ile midomo. Nilikuuliza masika yalipokuja na hata mchana na jioni huwezi tena kuvitofautisha. Jibu lako lilikuwa lile lile: "Ukishajua utafanya nini nalo?"

Mara ya mwisho kifua kilikuwa kimekubana, nimekaa kitandani kwako. Nikasema, "Kaka, uliuona ule moto?" Ukaniambia nichemshe uji kwanza. Nilichemsha. Ulikunywa wote ukalala, na tangu hapo hukuzungumza tena la maana. Nimeuwaza sana ule uji.

Sasa sikiliza nitafanya nini nalo, maana leo ninajua.

Darasa lipo. Mwaka huu bomba la maji limefika Newala, wanawake wanakinga wakiwa wamesimama, na ada yangu imekuwa haina uzito. Mama Issa anasema niwatoze mabibo. Watu siku hizi wanazungumza habari za kujitawala mpaka kwenye foleni ya bomba, na kila mtu ana swali. Ndani ya haya maswali ametokea Athumani, mtu wa Kitangari aliyehamia kwa dada yake hapa jirani. Alipigana vita kule Burma. Anasema huko aliona wanaume wakifinyanga, tena wanauzungusha udongo juu ya gurudumu, chungu kinainuka chenyewe kama uyoga. Tulimwambia aache uongo. Akachora gurudumu kwenye mchanga, na mimi nikashindwa kulala nikilifikiria. Amekuja na kibuyu chake. Amekanda, amefinyanga, ameanika, na kitako chake si kinene. Amesema anataka kusimama motoni.

Huyu macho anayo. Bi Somoe anasema anaona mpaka dhambi zetu.

Basi ndio huo ubishi. Wengine wanasema Barnaba alikuwa haoni, mwiko haukuguswa, Athumani aende akae na wanaume wenzake. Wengine wanasema Barnaba aliruka tawi, kwa hiyo aliona, na vyungu vikatoka vizima, kwa hiyo mwiko ulishavunjika zamani na hakuna aliyekufa. Darasa zima limesimama juu ya mguu wako mmoja. Wamepingana, wamenuniana, wawili hawaazimani chumvi.

Jana Bi Somoe alinyanyuka. Nilijua anakuja kumfukuza Athumani, nikajiandaa kumtetea. Akasema, "Muulizeni mwenyewe, mimi kwa unga na mwalimu kwa karatasi. Asipojibu, moto utajibu." Na huyo huyo Bi Somoe, kaka, ndiye aliyetangulia kuleta chungu chake kwenye magome, kile kikubwa alichokifinyanga kwa mkono wake mwenyewe, cha kwanza kilichomtii tangu azaliwe. Nilimwambia, mama, kiache hicho, kingoje moto mwingine. Akaniambia, "Mimi nimezeeka. Nataka kujua kabla sijaenda kumuuliza huko aliko." Wengine walipomwona wakaleta vyao. Vyote vimo, kazi ya kiangazi kizima, na wanunuzi wa korosho wameshaanza kuingia mjini. Vikipasuka, hakuna mwanamke atakayekaa tena katika banda langu, wala sitamlaumu.

Kwa hiyo kesho tawi halitalazwa. Nitamsimamisha Athumani pale pale uliposimama wewe, macho wazi.

Vikipasuka, mwiko ni wa kweli na Bi Somoe alikuwa na haki. Nitajua kwamba hukuona kitu siku ile, kwamba ulitembea gizani mpaka kwetu ukaomba kusikiliza tu. Nitaweka tawi langu njiani maisha yangu yote na sitakuuliza tena. Na vikitoka vizima, macho ya mwanamume hayapasui chungu, na mguu wako utakuwa huru kusema kweli. Itawezekana uliliona tawi, uliuona moto, na ulituona sisi tumeuzunguka, Mama Issa na mdomo wake, Bi Somoe na mtungi wake, na mimi dada yako nina masizi mpaka kwenye kope. Baada ya hapo hukuona tena kitu cha maana. Sisi ndio tutakuwa wa mwisho.

Bi Somoe amemaliza ming'oko yake, ananiambia nifunge karatasi kabla jua halijazama. Amesema nisisahau kukuandikia kwamba ile shikamoo yako aliipokea, na hana deni na wewe. Lala salama, kaka. Kesho wenzangu wote watakuwa wanaviombea vyungu vyao, kila mmoja chake. Mimi nitakuwa naomba uwe ulituona.

Ni mimi mwalimu wako na mdogo wako,
Mama Danieli